Volti Ishirini na Nne na Mikono Iliyolowa

Kifaa kilichokufa hakimsumbui fundi. Unakifungua, unakipima, unakuta hakipitishi umeme, unaking'oa, unaweka kipya, unafunga mlango na kwenda zako. Kinachomtoa fundi jasho ni kile kinachofanya kazi. Kinafanya kazi asubuhi mbele ya mwenye mali, kinafanya kazi mchana ukiwa umekisimamia na mita mkononi, halafu usiku, mtu akiwa ameshapaka gari zima povu, kinazima. Kesho yake ukirudi kinafanya kazi. Hitilafu ya namna hii ina tabia za mdaiwa: ukibisha hodi, watoto wanatumwa mlangoni kusema baba katoka.

Nazungumzia mashine za kuoshea magari, zile za kujihudumia, ambazo huku Marekani hazikosekani hata katika mji wenye kanisa moja na kituo kimoja cha mafuta. Kwetu si mashine za kawaida, na sababu haina fumbo. Dar es Salaam, Mombasa au Kampala gari huoshwa na kijana mwenye ndoo, sabuni na pampu, na mwenye gari hukaa pembeni na soda yake akiangalia simu. Hapa nilipo, Iowa, kijana huyo hayupo. Kuna vibanda vya matofali vilivyo wazi mbele na nyuma, na kwenye ukuta wa kila kibanda kuna sanduku la chuma kisichoshika kutu. Sanduku lina tundu la sarafu, kitasa cha kuzungusha kilichozungukwa na maandishi ya sabuni, povu, maji ya kusuuza na nta, na kioo kidogo kinachoonyesha sekunde zinavyokwisha. Unatumbukiza sarafu za senti 25, unazungusha kitasa, unachukua bunduki ya maji iliyotundikwa, unaosha. Muda ukiisha maji yanakatika. Hakuna wa kumshukuru wala wa kumlalamikia.

Nyuma ya ukuta kuna chumba ambacho wateja hawakioni. Humo mna pampu, kila kibanda na yake, zikizungushwa kwa mikanda na mota za nguvu farasi 5 hivi. Mna mapipa ya sabuni, tangi la maji, boila, na ukutani kabati la umeme lenye transfoma, relei na kontakta. Sanduku la kibandani halina nguvu ya kuzungusha mota, wala halikuwekwa kwa kazi hiyo. Kazi yake ni kuagiza. Mteja akichagua maji ya kusuuza, umeme wa volti 24 husafiri katika waya mwembamba hadi kwenye koili ya kontakta. Koili inageuka sumaku, sumaku inavuta chuma, na chuma hicho ndicho kinachounganisha umeme mkubwa wa mota. Papo hapo agizo la pili limeshafungua valvu ya maji. Kufumba na kufumbua maji yanatoka kwa shinikizo la paundi 1,000 na ushei kwa inchi ya mraba, shinikizo la kubandua tope la wiki nzima, na kwa mtu mzembe, kubandua na rangi iliyokwisha kuanza kufumuka.

Kwa nini volti 24, wakati soketi za kawaida za nyumba za nchi hii zina 120? Kwa sababu mteja amelowa. Amesimama juu ya sakafu yenye maji, viatu vimeloa, mkono mmoja umeshika chuma na mwingine unatafuta sarafu. Charles Dalziel, profesa wa uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alitumia miaka mingi kupima jambo ambalo wengi wetu tungependa tusilijue: ni umeme kiasi gani ukipita mkononi ndipo mtu hushindwa kuachia alichokishika. Aliwapima watu waliojitolea. Kwa umeme wa hezi 60 alipata wastani wa karibu miliampea 16 kwa wanaume na 10 na nusu kwa wanawake. Ni kiasi kidogo mno. Balbu ya kawaida ya zamani ilikuwa ikinywa mara nyingi zaidi ya hapo. Mwaka 1961 Dalziel akabuni kikata umeme kinachojizima mara kinapohisi miliampea kama 5 zinapotea njia, na leo sheria za umeme za huku zinakidai bafuni, jikoni na nje ya nyumba. Lakini kinga ya kwanza kabisa kwa mtu aliyelowa ni kutomsogezea umeme mkubwa. Kwa hiyo 120 na zaidi zimebaki nyuma ya ukuta, na mbele, kwenye kitasa anachokishika mama mjamzito na mtoto wake wa miaka sita, zimewekwa 24.

Usalama huo una bei, na bei yenyewe haijaandikwa kwenye kitabu chochote cha maelekezo nilichowahi kufungua. Kiungo cha waya kilichooza kikila volti 4 katika 120, hakuna atakayejua. Taa itafifia kidogo na jicho litazoea. Kikila volti hizohizo 4 katika 24, kimeondoka na sehemu ya sita ya umeme wote, na koili nyingi zilizotengenezwa kwa volti 24 hazina uhakika wa kuvuta zikipewa chini ya 20 hivi. Isitoshe, umeme mdogo ni mnyonge mbele ya uchafu. Swichi inayokata umeme mkubwa hutoa cheche kila inapofunga na kufungua, na cheche hiyo huunguza utando wa kutu uliojijenga usiku. Swichi ya umeme mdogo haina cheche ya maana. Utando unabaki, unaongezeka, na siku moja umeme unafika pale na kurudi. Ndiyo maana relei za ishara ndogo hupakwa dhahabu kwenye vikutanishi vyake. Anayeona dhahabu ndani ya kisanduku cha plastiki kisichozidi kidole gumba akadhani ni mbwembwe za kiwandani, hajawahi kukesha na relei.

Halafu weka baridi. Kuanzia Novemba barabara za jimbo hili humwagiwa chumvi, na mara nyingi si chumvi kavu bali maji ya chumvi ya kiwango cha asilimia 23.3, kiwango ambacho huchelewa kuganda kuliko vyote, hadi nyuzi 21 chini ya sifuri za Selsiasi. Magari yanaibeba chini ya matumbo yao na kuja kuimwaga kwetu. Usiku wa baridi kali kuna valvu inayofunguka yenyewe ili maji yatiririke kidogo katika kila bunduki yasigande ndani ya mpira, na sakafu nazo zina mabomba ya maji moto. Kwa hiyo kibandani kuna mvuke, ndani ya mvuke kuna chumvi na sabuni kali, na mvuke huo hutafuta ubaridi wa chuma cha sanduku, unapenya pale ufunguo unapoingia, unageuka kuwa matone juu ya nyaya. Maji safi ya mvua hayapitishi umeme vizuri. Maji ya chumvi hupitisha. Mchana jua likipiga ukuta wa kusini, matone yanakauka, na ushahidi umetoweka.

Fundi wa umeme aliyekulia kwetu ana kasoro moja inayomfuata mpaka ughaibuni, nami nilikuja nayo: taa ikizima, mawazo yanakimbilia nje. Umekatika. Umeme mdogo leo. Wamerudisha? Tumelelewa na mgao, tukajifunza kuzima friji haraka umeme unapoanza kupepesa. Huku umeme wa barabarani huwa tulivu kiasi kwamba huwezi kuusingizia, na mtu analazimika kutafuta adui ndani ya nyumba. Nimekuja kuona kwamba hilo linabadilisha hata namna ya kusikiliza lawama za watu.

Kwa sababu kuna jambo kwenye mashine za kujihudumia ambalo halina uhusiano na nyaya. Kule Kinondoni, Dar es Salaam, pampu ikianza kusuasua, kijana aliyeishika anajua kabla ya mwenye gari. Mkono wake umesikia mpira unavyolegea, sikio lake limesikia mota inavyoguna. Atapiga kelele, atakuja mwenzake, watachomoa, watachomeka, watatukana kidogo, na hitilafu itakuwa imeonwa na watu wanaoijua pampu ile. Kituo cha kujihudumia kimemwondoa mtu huyo, na pamoja na mshahara wake kimeondoa macho yake. Aliyebaki pale wakati wa hitilafu ni mteja, ambaye hajui relei ni nini na wala hapaswi kujua. Anayejua yuko kilomita kadhaa kutoka hapo, amelala. Asiyekuwepo na lake halipo, na katika kituo hiki fundi ndiye asiyekuwepo kila inapotokea.

Matokeo yake ni shuku. Mteja aliyepoteza dola 3 hawazi kwamba kuna kiungo kimeoza. Anawaza kwamba ameibiwa, na kwamba mashine imetegwa hivyo makusudi. Mwenye kituo naye, akipigiwa simu, anakagua asubuhi, anakuta mambo yote sawa, anahitimisha kwamba amepigiwa na tapeli. Siwezi kumlaumu moja kwa moja. Wapo wanaojaribu. Sarafu ya senti 25 ina kipenyo cha milimita 24.26 na uzito wa gramu 5.67, na kile kifaa cha kupokea sarafu kina sarafu ya mfano imebanwa ndani, kila inayotumbukizwa inalinganishwa nayo kwa nguvu ya sumaku. Lakini watu wamejaribu vipande vya bati, sarafu za nchi nyingine, sarafu yenye uzi. Mtu aliyekwisha kuokota vipande vya bati ndani ya sanduku lake la fedha ana haki ya kuwa na moyo mgumu. Tatizo ni kwamba moyo mgumu hauwezi kugundua hitilafu inayokuja na kuondoka, kwa kuwa hitilafu hiyo haina njia nyingine ya kujulikana isipokuwa kwa maneno ya mtu aliyekuwepo.

Kibanda cha tatu cha kituo kimoja ninachokihudumia kilikuwa na hitilafu ya namna hiyo. Kwenye daftari la mwenye kituo, mzee mmoja mpole asiyependa maneno mengi, yalikuwa yamejaa maandishi yenye maana moja: mteja anadai amekatiwa muda. Mzee alikuwa ameshabadilisha kipima muda, akabadilisha kipokea sarafu, akabadilisha tena kipima muda. Kila baada ya kubadilisha alikuja alfajiri kabla ya wateja, akatumbukiza sarafu zake, akasimama hadi sekunde zikaisha. Hakuna siku kilimwangusha. Mita yake ilisoma volti 26 bila kutetereka, ambayo kwa transfoma isiyo na kazi nyingi ni afya tupu.

Aliyenipa ufunguo ni mama mmoja wa Bukavu. Iowa ina Wakongo wengi, Des Moines, Cedar Rapids na Iowa City, na Kiswahili utakisikia kwenye foleni ya duka la vyakula pasipo kukitafuta. Yeye anaendesha gari la kubebea vifaa vya usafi wa maofisi, na aliona nembo ya kituo kwenye shati langu.

“Ndugu, ile mashini yenu ilikula tena franga zangu.”

“Pole sana, mama. Kibanda gani?”

“Ile ya tatu. Niliweka franga, maji ikatoka muzuri, nikasema leo niko sawa. Ule mutu wa pembeni akaanza kuosha yake, yangu ikakufa. Ile namba ikarudi ku zero.”

“Wa pembeni alianza palepale ulipokatiwa?”

“Palepale. Na siku ile ingine ilikuwa hivyo. Akianza yeye, miye nakufa.”

Sikuhitaji zaidi ya hapo. Daftari zima la mzee halikuwa na sentensi hiyo, si kwa sababu wateja wengine hawakuiona, bali kwa sababu hakuna aliyewauliza wa pembeni alikuwa anafanya nini. Ukiibiwa hutazami jirani anaoga saa ngapi. Na mzee alipokuja kupima alfajiri, alikuwa peke yake. Alikuwa ameondoa, kwa uangalifu mkubwa, jambo pekee lililokuwa linasababisha hitilafu.

Hapa nitamtaja Mjerumani mmoja, kwa kuwa kila fundi hutamka jina lake kila siku bila kumfikiria. Georg Simon Ohm alikuwa mtoto wa fundi makufuli, na alikuwa akifundisha hesabu na fizikia katika shule ya sekondari mjini Cologne alipoanza kupima jinsi nyaya za urefu tofauti zinavyopunguza mkondo wa umeme. Matokeo aliyoyatangaza mwaka 1825 yalikuwa na makosa. Hesabu zake zilikuwa sawa; betri ndiyo iliyomponza. Betri za wakati ule zilikuwa imara zikikaa bure na kulegea mara zinapofanyishwa kazi, kwa hiyo kila alipobadilisha waya, na nguvu ya betri nayo ilikuwa imebadilika chini kwa chini. Aliyemwokoa ni Johann Christian Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia, aliyemshauri aachane na betri zile atumie kiungo cha metali mbili, bismuthi na shaba, ncha moja kwenye maji yanayochemka na nyingine kwenye barafu. Umeme wake ni mdogo sana lakini hautetereki. Mwaka 1826 vipimo vikakaa sawa, na mwaka 1827 kikatoka kitabu chenye kanuni ambayo watoto wa kidato cha tatu wanaikariri. Mimi nilifundishwa kanuni hiyo katika chuo cha ufundi cha VETA kana kwamba ilishuka ikiwa imekamilika. Laiti tungeambiwa na habari ya betri, maana kanuni yenyewe mtu anaweza kuisoma ukutani. Habari ya betri ndiyo inayomfaa anayeshika bisibisi.

Betri ya Ohm ilipopimwa bila mzigo ilionekana nzima. Kiungo kilichooza nacho, kikipimwa bila mzigo, huonekana kizima, na mita za kisasa ndizo zinazotudanganya zaidi kwa sababu ni nzuri mno. Mita ya dijitali hainywi umeme wowote wa maana kutoka kwenye waya inaoupima. Itakuonyesha volti 24 kamili kwenye waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba. Inaweza hata kukuonyesha volti kadhaa kwenye waya usiounganishwa na kitu, kwa sababu tu umelazwa sambamba na wenzake wenye umeme. Fundi mgeni akiona namba hizo anaamini kuna umeme. Kilichopo ni kivuli chake. Kidai kazi yoyote, kinatoweka.

Kwa hiyo niliiacha mita mfukoni, nikachukua balbu ndogo ya volti 24, ya uzi, ya mtindo wa zamani, nikaibana kwenye nyaya za sanduku la kibanda cha tatu. Nilitumbukiza sarafu, nikashika bunduki, nikaacha maji yapige ukuta. Balbu ikawaka rangi ya machungwa iliyokolea, palepale tu chini ya ule weupe ambao ningeutarajia. Nikampigia kelele mzee aanzishe kibanda cha pili. Nilisikia sarafu zake zikianguka moja moja, kisha kitasa. Balbu ikashuka hadi ukabaki uzi mwekundu, kwa muda mfupi kuliko kupiga chafya, ikapanda tena. Kioo cha sekunde pembeni yake kilikuwa kinasoma sifuri. Bunduki ikalegea mkononi. Mzee alikuja akiwa ameloa mkono mmoja, akatazama kioo, akatazama balbu, akatamka neno ambalo sijawahi kumsikia akilitamka kabla wala baada ya hapo.

Kilichotokea kinaelezeka. Koili ya umeme wa AC, kabla chuma chake hakijavutwa na kukaa mahali pake, hunywa umeme mara kadhaa ya ule inaouhitaji ikishatulia. Kibanda cha pili kilipoanza, kontakta na valvu zake zilivuta mkupuo mkubwa kwa kitambo kidogo. Njia ya kwenda ya kila kibanda ni waya wake, lakini njia ya kurudi ni waya mmoja wa wote. Kama katika njia hiyo ya pamoja kuna kiungo chenye ukinzani, hata wa omu chache tu, kadiri mkupuo unavyokuwa mkubwa ndivyo volti nyingi zaidi zinavyoishia pale. Hiyo ndiyo kanuni ya mwalimu wa Cologne. Sasa, kipima muda cha kibanda cha tatu kina ubongo mdogo wa kielektroniki unaokula kutoka volti zilezile 24. Umeme ukishuka chini ya kiwango, hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, unazimia, na ukizinduka unaanza maisha upya. Haukumbuki kitu. Kwa ubongo ule, mama wa Bukavu hakuwahi kulipa.

Mkupuo mfupi hivyo, mita ya kawaida, inayobadilisha namba zake mara chache tu kwa sekunde, inaweza kuukosa kabisa. Balbu haina akili ya kuukosa.

Kutafuta kiungo chenyewe ni kazi ya kuchosha lakini si ngumu. Hapo mita inarudi na heshima yake. Hupimi tena kati ya waya wa kwenda na wa kurudi. Unaweka ncha mbili za mita kwenye waya uleule mmoja, upande huu na upande ule wa kila kiungo, huku mashine zinafanya kazi. Kiungo kizima kinasoma sifuri au karibu yake, maana hakina sababu ya kubaki na volti. Kinachosoma volti 3, 4, kimejitaja. Nilianzia kabatini nikaenda kwa mpangilio, terminali hadi terminali, na kilichojitaja kilikuwa nyuma ya mapipa ya sabuni, ndani ya kisanduku ambacho pengine hakikufunguliwa tangu kituo kijengwe. Skrubu ilikuwa imekazwa barabara. Waya ulionekana mzuri, ganda lake jeupe halina hata ufa. Nilipouvuta kidogo ndipo ganda likateleza juu ya kitu kilichokuwa zamani shaba: nyuzi nyeusi, nyembamba, zenye unga wa kijani, zikavunjika kati ya vidole. Nilikata nyuma kidogo, nyeusi. Nikakata tena, nyeusi. Mvuke wa sabuni ulikuwa umeingilia kwenye ncha na kupanda ndani ya ganda, kiasi cha urefu wa mkono, bila kuacha alama kwa nje. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ilikuwa safi.

Mzee aliniuliza kama sasa anaweza kuwarudishia wenye duka vile vipima muda viwili alivyovibadilisha bure. Hawavipokei.

Tabia hiyohiyo ya koili kunywa sana mwanzoni ndiyo inayoua valvu, na hapa ndipo ninapogombana na mafundi wenzangu. Chembe ya mchanga au mabaki ya sabuni iliyokauka ikikwama chini ya kile kichuma cha ndani ya valvu, kichuma hakifiki mwisho wa safari yake. Koili haijui. Inaendelea kunywa umeme wa mwanzo, ule mkubwa, dakika baada ya dakika, inapata joto, mipako ya nyaya zake inayeyuka, inaungua. Fundi anakuja, anasikia harufu, anaona kilichoungua, anakibadilisha, anapokea hela yake. Wiki chache baadaye kinaungua kingine. Mwenye kituo anaambiwa koili za siku hizi hazina ubora. Kumbe koili haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inafanya kazi ya mchanga. Najua utetezi wao: koili ni bei ndogo kuliko saa moja ya fundi, na mteja yuko nje anasubiri. Ni kweli. Lakini hesabu hiyo inaandikwa kila mara na mtu asiyelipia koili ya pili.

Baada ya waya ule kubadilishwa, kibanda cha tatu kilitulia, na nikamwomba mzee jambo moja ambalo halikumpendeza. Chini ya namba ya simu iliyobandikwa kwenye kila sanduku, tuongeze maswali: kitasa kilikuwa kimeelekea wapi, mvua au theluji ilikuwa inanyesha, na je, kuna aliyekuwa anaosha kibanda cha jirani. Alisema watu hawatajibu, na kwamba wanaojibu watakuwa wale wanaotafuta sarafu za bure. Nilimwambia mtu mmoja mwongo wa dola 3 ni bei poa kwa shahidi mmoja wa kweli. Akatikisa kichwa, akabandika.

Watu wanajibu. Wengine wanaeleza hadi rangi ya gari la jirani. Mama wa Bukavu naye ameacha ujumbe, safari hii kuhusu mashine ya kufyonzea vumbi, ambayo anasema hukata siku baada ya mvua na si siku ya mvua yenyewe. Hiyo nadhani naijua: maji yamechukua usiku mzima kushuka ndani ya bomba la nyaya, na kikata umeme cha Dalziel kinafanya kazi yake. Kinachoninyima raha ni ujumbe wa mwanamume mmoja mwenye lori, wa kibanda cha tano. Anasema ukitoka kwenye povu kwenda kwenye maji, mashine inazima. Ukitoka kwenye maji kwenda kwenye povu, haizimi. Amejaribu mara nyingi, kwa pesa zake, na amekasirika. Kitasa nimekifungua na kukisafisha, viungo vyote nimevipima kwa mzigo, vinasoma sifuri. Mbele yangu kinazunguka pande zote mbili bila tatizo. Nimempigia simu bwana huyo nikamwuliza anakizungusha kwa mkono gani, na kama kabla ya hapo anakuwa ameshaweka bunduki mahali pake. Amesema atakuja Jumamosi na lori lake, nisimame nitazame.